Nyumba ya Msiba Haibanwi

Kazi ya Damiani ilikuwa kubana watu. Ndivyo tulivyosema ofisini na ndivyo wateja walivyosema mtaani, "Damiani kanibana," na mgeni angeweza kudhani tunamzungumzia askari mgambo. Kumbe ni mtu mwembamba wa Kinyangiri, umri umeshavuka arobaini, shati lake amelichomekea vizuri, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba ukiongea naye nje, kwenye huu upepo wetu wa Singida, lazima umsogelee. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata simu alipiga kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

Ofisi yetu ipo Utemini, chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao. Mbele nakaa mimi, Jenipher, napokea simu za watu wenye hasira. Nyuma ya ubao anakaa Damiani na mashine zake. Mtandao unaingia kwetu kutoka mnarani kwa njia moja, unapita kwenye ruta kubwa tunayoiita lango, kisha unagawanywa kwenda kwenye nyumba za wateja, zenye antena juu ya bati. Hapo langoni ndipo kila nyumba inapowekewa kipimo chake. Aliyelipia kifurushi kidogo anapata kidogo, aliyelipia kikubwa anapata kikubwa, na hakuna anayevuka kipimo. Usipobana, nyumba moja yenye vijana wanaopakua filamu inamaliza mtandao wa mtaa mzima, na mwalimu mstaafu wa nyumba ya jirani anabaki kuangalia kiduara kinavyozunguka kwenye simu yake. Akichoka kukiangalia ananipigia mimi. Namweleza kila mteja jambo hili na hakuna anayenielewa, mpaka siku jirani yake atakapoachiwa bila kipimo.

Tuna utaratibu mmoja ambao haukuandikwa popote. Ulianza alipofariki mzee Gabrieli, fundi mwashi, aliyejenga nusu ya kuta za Utemini. Waombolezaji walijaa uani na simu zao, wote wakajiunga na mtandao wa nyumba ile, na ndugu waliokuwa Dar es Salaam na Mwanza walitaka kuona ibada kwa video. Nyumba ilikuwa na kifurushi kidogo. Jeneza lilipokuwa linatolewa ndani, picha ikaganda. Binti wa marehemu akanipigia akilia na kunitukana kwa pamoja.

Bosi wetu Rahimu alikuwepo ofisini siku hiyo. Ni mtoto wa familia ya wauza saruji na nondo hapa mjini, mtu wa msikitini, mkali kwenye malipo kuliko kitu kingine chochote. Alisikia kile kilio kwenye spika ya simu yangu, akaenda nyuma ya ubao.

"Waachie," akamwambia Damiani. "Nyumba ya msiba haibanwi."

Tangu hapo, Mkristo au Mwislamu, ukipatwa na msiba na wewe ni mteja wetu, Damiani anakuondolea kipimo. Unatumia mtandao bila kikomo mpaka matanga yavunjwe. Hiyo ndiyo rambirambi ya ofisi, na nadhani hapa mjini hatujapata kufanya tangazo zuri kuliko hilo, ingawa Rahimu hapendi nikisema hivyo.

Kuachia ni rahisi, unabonyeza mara mbili. Kurudisha ndiko kulikokuwa na kazi, maana Damiani alikuwa na namna yake. Angeweza kurudisha kipimo akiwa amekaa kwenye kiti chake, lakini hakufanya hivyo hata mara moja. Alikwenda kwenye ile nyumba kwa miguu. Anapiga hodi, anatoa pole, anakaa walipokaa wanaume, anakunywa chai au uji anaopewa, anaangalia kama turubai limeshushwa. Kisha anamtafuta mwenye msiba mwenyewe, siyo shemeji wala kiongozi wa mtaa, na kumwambia kwa ile sauti yake, "Naomba ruhusa nirudishe." Wengi walisema rudisha tu baba. Wachache walisema bado, na akawaacha mpaka walipokuwa tayari.

Palipo na utaratibu mzuri hapakosi wajanja. Jamaa mmoja wa karibu na stendi alitupigia kwa huzuni kwamba amefiwa na baba mdogo huko Kahama. Nyumba yake ikaachiwa. Damiani alipokwenda alikuta vijana wamejaa sebuleni wanaangalia mpira, na baba mdogo mwenyewe amekaa katikati yao anashangilia. Damiani akasalimia, akatoa pole, akaletewa soda, akainywa yote, akaomba ruhusa arudishe. Wakampa ruhusa huku wakiangalia chini. Nilicheka wiki nzima. Yeye alisema tu kwamba soda ilikuwa ya baridi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi nililichukulia kuwa uvivu. Kila alipokuwa amerudisha kipimo kwenye nyumba ya msiba, kesho yake alichelewa kazini. Wateja wanapiga simu, mimi peke yangu, yeye hayupo. Anaingia jua likiwa limeshapanda, viatu vina vumbi.

"Ulikuwa wapi, mtoro?" namuuliza.

"Nilipita mahali."

Basi. Ukimuuliza zaidi anaingia nyuma ya ubao.

Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Martha. Hawakujaliwa mtoto, na Martha aliongea kwa ajili ya wote ambao hawakuzaliwa. Alituletea chakula ofisini, ugali wa uwele na mlenda, na kabla hajaweka bakuli mezani nilikuwa nimeshajua nani kaoa, nani kahama, kuku gani ameacha kutaga na kwa nini. Damiani alikula akimsikiliza. Mara nyingine Martha alimgeukia, "Si ndivyo, baba?" na yeye akasema, "Ndivyo," na Martha akaendelea kana kwamba amejibiwa hotuba. Nilimpenda yule mwanamke. Nasema hivyo mapema kwa sababu haya yanayofuata nayasema kwa ukavu, na sitaki mtu anifikirie vibaya.

Martha alianguka mchana, jikoni kwake, akichambua mchicha. Ilikuwa wakati alizeti zinachanua. Jirani alisikia sufuria likidondoka, wakamkimbiza kwa bajaji, na alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Mimi sikuwa nimepata habari. Niliona tu Damiani anaingia ofisini alasiri ile, ametulia, shati limechomekewa. Akapita nyuma ya ubao. Nikasikia akibonyeza, kisha akatoka.

"Umesahau kitu?" nikamuuliza.

"Nimeachia nyumba."

"Ya nani?"

"Yangu."

Alisema hivyo kama anavyosema kila siku. Nilikuwa nimeshika simu ya mteja na mteja anaongea. Nikamwangalia Damiani nikingoja aendelee, akawa anaangalia waya ulioning'inia ukutani, ule ambao tulikuwa tumesema siku nyingi tutaufunga.

"Martha amefariki," akasema. "Watakuja watu wengi."

Hakulia. Nililia mimi, kwa sauti, mteja bado yuko kwenye simu. Damiani akanisogezea kiti.

Tulimzika Kinyangiri, kwenye shamba la wazazi wake Damiani. Ofisi ilifungwa, tulikodi gari, Rahimu alikuja na kanzu yake akasimama nyuma ya kwaya kwa adabu. Mwinjilisti alihubiri vizuri. Wanawake walilia, dada zake Martha walishikwa mikono wasianguke. Damiani alitupa udongo wake, akarudi nyuma, akasimama. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alisema kwamba yule mume ana moyo mgumu. Nilitaka kumjibu, halafu nikaona hata mimi sina uhakika.

Matanga yalivunjwa kulekule Kinyangiri, na ndugu wote walikuwa kule. Huku Utemini majirani walishusha turubai Damiani akiwa bado hajarudi, maana lilikuwa la kuazima na lilihitajika kwenye harusi. Kwa hiyo aliporudi alikuta ua umefagiliwa, viti vya watu vimeondoka, kila kitu kimepangwa. Kitu kimoja tu hakikurudishwa mahali pake. Langoni, kwenye orodha ya nyumba zote, nyumba yake ilikuwa wazi.

Aliiona. Kila asubuhi aliiona, kwa sababu kazi yake ni kuangalia orodha ile. Mimi pia niliiona nilipopita nyuma ya ubao kuchukua karatasi. Hatukusema kitu.

Mtandao usiobanwa haujifichi. Vijana wa mtaani waliujua wakati wa msiba, walipokuja kupanga viti, na waliendelea kuja. Kwanza walikuja wachache, wakasema wamekuja kumkalisha Damiani asiwe peke yake. Damiani akawatolea benchi. Wakaja na wenzao. Wakavuta waya wa umeme kupitia dirishani kwa ajili ya chaji. Wakaja wasichana kurekodi video zao kwenye ukuta wake kwa sababu una rangi nzuri, ile ya kijani aliyoichagua Martha. Wakaja watu wazima kuongea na ndugu walioko ng'ambo. Damiani aliwapikia chai, akaiweka kwenye ile chupa kubwa ya Martha, akapita akimimina. Alizeti zikakauka, zikavunwa, zikakamuliwa, na watu bado walikuwa uani kwake kila siku kuanzia saa kumi jioni.

Kazini aliendelea kama kawaida. Aliwabana wa kubanwa, akawaachia waliofiwa, akaenda kunywa uji wao na kuomba ruhusa. Alichelewa kesho yake, viatu vina vumbi. Ukimwambia kitu anacheka mahali pa kucheka. Lakini nilikuwa naona kwamba anasubiri nicheke kwanza ndipo na yeye acheke, kama mtu anayesali dini ngeni na kuangalia wenzake wanapiga magoti lini. Siku moja alijikata kidole kwa koleo la kuchunia waya, damu ikachuruzika mezani, na ni mimi niliyemwonyesha.

"Ah," akasema. Akakiangalia kile kidole kama ni cha mteja.

Sasa rudini kwenye lile lango. Mtandao ni uleule mmoja, na nyumba moja isiyo na kipimo ilikuwa inakula kuanzia alasiri mpaka watu walipochoka. Simu zangu zikawa moto. Mwalimu mstaafu na kiduara chake. Dada mwenye duka la dawa anayetuma oda zake jioni. Mwenye nyumba ya wageni akasema atahamia kwa wale wengine wenye dishi la kupokea kutoka angani, na mwezi ule akahama kweli. Niliwaambia tunashughulikia. Nimesema "tunashughulikia" mpaka neno lenyewe limepoteza ladha mdomoni mwangu.

Rahimu akaja, akakaa kwenye kiti cha wateja mbele yangu. Damiani alikuwa nje kwenye paa la mtu.

"Jenipher, nenosiri la lango ninalo," akasema. "Naweza kurudisha sasa hivi kwa simu hii."

"Ndiyo bosi."

"Lakini ruhusa sina. Yeye hajawahi kumrudishia mtu bila ruhusa ya mwenye msiba. Nikimfanyia yeye hivyo, nitakuwa nimemfanyia nini?"

Nikaweka simu yangu mezani.

"Nenda kamwombe," akasema. "Nenda kwa namna yake. Ukae, unywe chai."

Nilikasirika. Nilisema mimi ni mtu wa mapokezi, naongea kwa simu, siendi kwenye nyumba za watu. Rahimu akasema ndiyo maana anamtuma mtu na siyo simu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Maana nilijua ninachokwenda kuomba. Nilikuwa naenda kumwomba Damiani aondoe watu nyumbani kwake, abaki na kuta.

Nilikwenda Jumamosi alasiri. Ukisimama getini ungedhani pana sherehe. Vijana wamekaa kwenye benchi, kwenye ndoo zilizogeuzwa, kwenye ngazi ya mlango, chini ya dirisha. Mmoja anaangalia mpira, mwingine anacheka na mtu aliye kwenye simu, wasichana wawili wanacheza mbele ya ukuta wa kijani. Damiani alikuwa anapita katikati yao na chupa ya chai. Akimimina, mtu ananyoosha kikombe bila kuinua kichwa. Nilisimama pale nikitafuta hata mmoja anayemwangalia. Sikumpata, na nilitamani kuwazaba makofi wote kwa mstari.

Kando ya mlango, kwenye mkeka, alikaa bibi mmoja anabangua karanga. Huyo alinitazama.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Nilimfahamu kwa kumwona. Ni Bi Sijaona, mama yake Tamimu wa nyumba ya pili, mteja wetu. Simu yake ilikuwa mkekani, kitochi cha vitufe, kimefungwa kwa mpira wa pesa ili betri isidondoke. Nikajiuliza huyu naye anafuata nini hapa.

Nikakaa. Damiani akaniletea chai, nikainywa yote ingawa sukari ilikuwa nyingi mno. Nikaangalia mahali lilipokuwa turubai, kama nilivyojua yeye huangalia. Palikuwa na mashimo ya vigingi, hayajafukiwa. Akaja akakaa karibu yangu, na nadhani alishajua, kwa sababu ndiyo kazi yake na nilikuwa naifanya vibaya mbele yake.

"Kaka Damiani," nikasema, "naomba ruhusa nirudishe."

Akachukua kikombe changu kilichokwisha, akakiangalia ndani.

"Wanakuja kunikalisha," akasema.

"Wanakuja kwa ajili ya mtandao, kaka."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Yeye hakukunja uso.

"Najua, Jenipher. Mimi ndiye ninayeuangalia unavyoliwa." Ilibidi nimsogelee ili nimsikie. "Wakiondoka nitasikia friji."

"Friji?"

"Dada zake walisema lina kelele, siku zile za msiba, walipolala hapa. Mimi sijawahi kulisikia. Martha alikuwa anaongea."

Mpira ukaingia golini kwenye simu ya mtu, wakapiga kelele, kisha wakatulia.

"Halafu ukilisikia itakuwaje?" nikauliza.

"Sijui. Sasa hivi sisikii kitu. Nikilala sisikii kitu, nikiamka sisikii kitu. Wanasema nina moyo mgumu. Ningefurahi ungekuwa mgumu, maana ningejua upo." Akaweka kikombe chini. "Watu niliowarudishia wote walisema rudisha. Mimi sina wa kuniomba. Nilikuwa nangoja mtu aje kuniomba."

Niliona haya kwa niaba ya ofisi nzima. Miezi yote tulidhani tunamheshimu kwa kunyamaza.

"Basi nimekuja," nikasema. "Naomba."

"Rudisha," akasema Damiani. Kisha akanizuia mkono. "Hapana. Hii ni kazi yangu."

Akatoa simu mfukoni, akafungua lango, akaitafuta nyumba yake kwenye orodha. Akaiwekea kipimo cha kifurushi chake, kile kidogo, cha watu wawili wasioangalia filamu. Akabonyeza.

Ilichukua muda mfupi. Mpira uliganda kwanza. Kisha yule anayecheka na simu akaanza kusema "halo, halo, unanisikia?" Wasichana wakaacha kucheza. Vichwa vikaanza kuinuka, kimoja kimoja, uani kote, wakaangalia antena juu ya bati, wakaangaliana, na mwishowe wakamwangalia Damiani. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, ambaye nilimkuta pale na kikombe chake kilikuwa kimejazwa mara mbili mbele ya macho yangu, akasimama akajifuta suruali.

"Shikamoo mzee," akamwambia.

"Marahaba," akasema Damiani.

Nilidhani watauliza. Hawakuuliza. Wakaanza kuchomoa chaji zao. Walikuwa na adabu, siwezi kuwasingizia, walirudisha benchi ndani na vikombe wakavipanga karibu na beseni. Walisema mzee tutapita, mzee tupo pamoja. Jua lilikuwa halijashuka sana na ua ulikuwa mtupu. Ukuta wa kijani ulionekana mkubwa kuliko nilivyoudhani.

Damiani akaingia ndani kuosha vikombe. Nikabaki na Bi Sijaona, ambaye alikuwa bado anabangua karanga zake.

"Wameenda wapi hawa wote?" akaniuliza.

"Kipimo cha mtandao kimerudishwa bibi. Matanga yamekwisha."

Akaacha kubangua. "Yamekwisha leo?"

"Ndiyo, leo."

"Alhamdulillahi," akasema, na akaanza kukusanya maganda kwa mikono miwili. "Basi kesho nitakuja mapema."

Nikamuuliza kesho kuna nini. Akaniangalia kama mtu wa mjini anavyoangaliwa akiuliza maziwa yanatoka wapi.

"Wewe si unafanya kazi na huyu?" akasema. "Alipokufa baba yake Tamimu, huyu alikuja kuniomba ruhusa. Nikamwambia rudisha, mimi hata sijui ni kitu gani anachorudisha. Watu wakaondoka, na Tamimu akarudi dukani kwake. Kesho yake niko peke yangu, mimi ndani kwenye eda, nikasikia mtu anasalimia kibarazani. Ni huyu. Sikutoka, na hakusema kitu. Akakaa palepale nje. Nilikuwa sijapata kulia vizuri, maana siku zote ndani pamejaa watu, na wanalia wao. Siku ile nililia mwanangu, nililia mpaka nikachoka. Nilipotulia akasema, haya mama, naenda kazini." Akafunga karanga kwenye kitambaa. "Nimeuliza, nimeambiwa anakwenda kwa kila mtu. Siku ya pili, watu wakishaondoka. Basi na mimi namngoja siku yake ya pili. Nakuja kila siku nakuta watu."

Nikakumbuka vile viatu vyenye vumbi.

Mimi nakaa Kindai, na Jumapili sina shughuli Utemini. Lakini nilipotoka ibadani nilishika njia ya huko, na nilitembea, sikupanda bodaboda, nadhani kwa sababu yeye hutembea. Upepo ulikuwa mkali, unapeperusha mifuko na vumbi. Njia nzima nilikuwa nafikiria nitasema nini nikifika, na sikupata neno hata moja la maana.

Kabla sijafika getini nilisikia sauti ya mwanaume. Nilisimama nikidhani nimekosea nyumba, au kuna ugomvi. Ilikuwa sauti kubwa, ya mtu aliyeachia kifua chote, inavuka ukuta na upepo na kufika barabarani, na mama mmoja aliyebeba ndoo alikuwa amesimama anasikiliza. Inaita jina, inakatika, inaliita tena. Martha. Sikuitambua mpaka nilipolisikia lile jina, maana miaka yote ile sikuwahi kumsikia Damiani akipaza sauti.

Nilisukuma geti. Bi Sijaona alikuwa kwenye mkeka wake kando ya mlango uliofunguliwa nusu, karanga mapajani, hajageuka kuangalia ndani. Akaniona, akasogea kidogo kunipa nafasi.

"Kaa," akasema. "Ndiyo leo."

Nikakaa, nikachukua karanga, tukabangua.